Chemchemi Inapungua, Miche Inakufa: Utatuzi wa Matatizo kwa Vikundi vya Kupanda Miti Miteremkoni

Kila mwaka mvua ya Machi inapokaribia, vikundi vya upande wetu wa Mlima Elgon huanza kulalamika, na malalamiko huwa yale yale. Miche ya mwaka jana imebaki ya kuhesabika kwa vidole. Miti ipo, tena mirefu, lakini chemchemi imekuwa nyembamba kama uzi. Mtaro uliochimbwa kwa nguvu za kijiji kizima umepasuka kwa mvua moja. Nimekaa kwenye kamati ya maji huku Sebei, upande wa Uganda wa mlima, misimu mingi, nikisikiliza watu kutoka Kapchorwa, Kween na Bukwo, pamoja na wale tunaokutana nao sokoni Suam, ambako tunaongea Kiswahili kwa sababu mmoja ni Msabiny, mwingine Mgisu, mwingine Mpokoti, na mwingine amevuka asubuhi kutoka upande wa Kitale. Haya ndiyo matatizo wanayoyaleta mara kwa mara, na njia ya kuyafuata hadi kwenye chanzo.

Tafuta dalili inayofanana na yako. Chini yake, sababu zimepangwa kuanzia ile tunayoikuta mara nyingi. Anza na ya kwanza hata kama una hakika kwamba tatizo lako ni la mwisho, kwa sababu ukaguzi wa mwanzo hauna gharama na wa mwisho unaweza kula akiba yote ya kikundi.

Jambo moja tulielewe kabla ya kushika jembe. Maji ya chemchemi ni mvua iliyozama ardhini huko juu, ikatembea polepole chini ya udongo na mwamba, ikatokea pale tunapoteka. Mti unasaidia kwa kuufunika udongo, kuutoboa kwa mizizi na kupunguza mbio za maji. Mti huo huo nao unakunywa. Anayesahau nusu mojawapo ya habari hii atapanda mti usiofaa mahali pasipofaa, kisha atalaumu mvua.

Kabla ya yote, pima

Chukua jerikeni ya lita 20 na simu yenye saa. Kinga maji yote yanayotoka kwenye bomba la chemchemi, yasimwagike pembeni, uhesabu sekunde hadi ijae. Rudia mara tatu, uchukue wastani. Jerikeni ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 1,800 kwa saa. Ikijaa kwa dakika 2 na sekunde 40, yamebaki robo tu ya maji hayo. Pima alfajiri kabla foleni haijaanza, tarehe ile ile ya kila mwezi, na uandike daftarini pamoja na hali ya mvua ya wiki hiyo. Daftari hilo litahitajika karibu kila mahali hapa chini, na ofisa yeyote wa wilaya utakayemwita atakuuliza habari zake kwanza.

Dalili ya 1: Miche inakauka au kutoweka kabla ya kumaliza mwaka

Usianze kwa kulaumu jua. Ng'oa mche mmoja uliokufa, ukung'ute udongo, utazame shina na mizizi.

Msimu mmoja niling'oa grevilea iliyokauka kwenye mteremko unaotazama bonde la Ngenge. Kiriba, ule mfuko mweusi wa mche, kilikuwa bado kimeuvaa mzima. Ndani yake mzizi mkuu ulikuwa umejizungusha kitakoni kama kamba iliyokunjwa ndani ya ndoo. Udongo wa nje ya kiriba ulishikamana mkononi kwa unyevu. Wa ndani ulikuwa vumbi. Mche ulikufa kwa kiu ukiwa umepakana na maji. Aliyeupanda alikuwa kijana mwenye bidii kuliko wengi wetu, na hakuna aliyekuwa amemwonyesha jinsi ya kupanda.

*Mifugo.* Hii ndiyo sababu ya kwanza, kwa mbali. Ncha ya mche imekatwa, shina limetafunwa au kuna alama za kwato. Mahindi yakishavunwa, mbuzi na ng'ombe huachiwa mashambani, na mche mbichi kati ya mabua makavu ndio chakula kitamu kuliko vyote. Ukaguzi ni rahisi: tembea shambani wiki mbili baada ya mavuno ukaangalie nyayo. Matawi ya miiba yaliyozungushiwa kila mche yanatosha kwa mwaka wa kwanza. Dawa ya kudumu ni mapatano ya kijiji kuhusu malisho huru, yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na wenye ng'ombe wawe wameketi kwenye mkutano huo. Sheria iliyotungwa bila wao huishi hadi mavuno yanayofuata tu. Panda pia nyasi za napia na vichaka vya kaliandra kwenye kingo za matuta ili mfugaji awe na cha kukata na kupeleka zizini. Ukimnyima malisho bila kumpa mbadala, mbuzi watarudi usiku.

*Kuchelewa kupanda.* Mara nyingi miche hufika Juni kwa sababu gari lilichelewa au kulikuwa na sherehe ya uzinduzi. Sherehe ihesabiwe pembeni. Mche unahitaji miezi ya mvua ili mzizi ushuke kabla ya ukavu wa Desemba hadi Februari. Mvua zikishaanza, chimba kwa jembe uone. Unyevu ukiwa umefika sentimita 30 chini, panda, na jitahidi mmalize kabla ya mwisho wa Mei. Miche ikija ikiwa imechelewa, itunzeni kitaluni hadi msimu mwingine, muihamishie kwenye viriba vikubwa. Najua inauma kurudisha miche iliyoletwa bure. Inauma zaidi kuizika.

*Shimo na kiriba.* Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 45, na kwenye udongo mgumu wa miteremko ya chini fikisheni 60. Udongo wa juu, ule mweusi, wekeni upande mmoja na wa chini upande mwingine. Mweusi ndio unaorudi kwenye mizizi. Chana kiriba chote na ukitoe. Mzizi uliojipinda kitakoni ukatwe kwa kisu kikali. Panda mche chini kidogo ya usawa wa ardhi, kisha tengeneza kijituta cha nusu mwezi upande wa chini wa mteremko ili kikamate maji. Funika na matandazo ya majani makavu, lakini acha upana wa kiganja kuzunguka shina, la sivyo litaoza au mchwa watapata njia.

*Miche iliyolelewa kwa kudekezwa.* Mche uliokaa kivulini na kumwagiliwa mara mbili kwa siku hadi siku ya kupandwa hauwezi jua la mteremko. Katika mwezi wa mwisho kitaluni, ondoa kivuli kidogo kidogo na upunguze maji. Kata mizizi iliyotoboa kiriba kila baada ya wiki mbili au tatu. Mche mnene wa sentimita 30 hadi 40 huwa salama kuliko mrefu mwembamba unaopendeza kwenye picha.

*Magugu na mahindi.* Palilia duara la mita moja kuzunguka kila mche, mara mbili au tatu katika mwaka wa kwanza. Mwenye shamba apande mahindi yake nje ya duara hilo.

*Mchwa.* Shina limekatwa usawa wa ardhi, na ukilipasua unakuta udongo ndani. Ondoa mabua na vijiti vikavu karibu na mche na upande miche yenye nguvu. Aina nyingi za asili huvumilia mchwa kuliko mikaratusi michanga.

*Aina isiyolingana na mahali.* Hili huonekana pale aina moja inapokufa yote na jirani yake kustawi. Huko juu kwenye ukungu, prunasi ya Afrika na podo ziko kwao. Katikati, kwenye kahawa na migomba, mringaringa na grevilea hufanya vizuri, na lusambya huchipua tena ukiukata. Chini kabisa, joto linakoanza, tafuta migunga. Ule unaoitwa faidherbia hudondosha majani wakati wa mvua na kuacha mazao yapate jua. Mkuyu unakubali sehemu nyingi, na jamaa yake anayeitwa mutuba hupandwa kwa kigogo kilichokatwa na kuchomekwa ardhini, bila kitalu.

*Simama hapa:* majani yakigeuka njano au kupata madoa kwa aina kadhaa kwa pamoja, au magamba yakichubuka na kutoa utomvu kwenye miti mingi, usinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Mwite ofisa misitu wa wilaya aje aone, na msihamishe miche ya kitalu hicho kwenda kijiji kingine.

Dalili ya 2: Miti imestawi, lakini chemchemi inazidi kupungua

Hili ndilo linalovunja watu moyo. Mama mmoja alinisimamisha kwenye foleni ya maji, jerikeni tupu mkononi, akaniambia: "Mwanangu, mlituambia tupande miti maji yarudi. Miti imekuja. Maji yako wapi?" Nilimjibu, "Mama, nipe wiki moja nitembee huko juu kwanza." Swali lake lilistahili kujibiwa na mtu aliyeona kwa macho yake, na kila kikundi kinapaswa kulijibu hivyo hivyo.

*Mnalinganisha vitu visivyolingana.* Fungua daftari. Ukilinganisha Februari ya mwaka huu na Agosti ya mwaka jana, utakuta hasara isiyokuwepo. Linganisha Februari na Februari, na uangalie kama mvua ya msimu uliopita ilikuwa pungufu. Kama hakuna daftari, anza leo, na kwa sasa uliza wazee watatu kila mmoja peke yake: maji yalikuwa yanafika wapi Januari, na yalianza kupungua kabla au baada ya shamba gani kufunguliwa?

*Mikaratusi karibu na jicho la maji.* Tembea kutoka kwenye chemchemi, uhesabu hatua hadi kwenye mkaratusi wa kwanza. Mti huu hukua haraka, na ukuaji huo unalipiwa kwa maji. Mizizi yake hushuka chini kufuata unyevu hata wakati wa ukavu, saa ile ile chemchemi inapohitaji kila tone. Siuchukii. Nguzo za nyumba zetu na kuni za tanuri za matofali hutoka kwake, na shamba la mikaratusi kwenye kilima kikavu mbali na vyanzo vya maji linampa mtu ada ya shule. Lakini bondeni na kando ya chemchemi si mahali pake. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhioevu na kingo za mito zinatenga mita 30 kila upande wa mito mingi kuwa eneo la kulindwa, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa humo. Kijiji kinaweza kujiwekea umbali huo huo, au zaidi, kuzunguka chemchemi.

Msikate yote kwa siku moja. Ukingo ulioachwa uchi utaporomoka na mvua ya kwanza itajaza tope kwenye tangi la chemchemi. Kateni theluthi moja, pandeni mikuyu, mizambarau au mianzi ya asili kwenye nafasi hiyo, halafu mwaka unaofuata theluthi nyingine. Visiki vya mikaratusi huchipua. Machipukizi yapogolewe kila mwezi hadi kisiki kichoke. Mwenye miti ni jirani yenu na amengoja miaka akitegemea nguzo hizo. Mwacheni azivune na kuziuza mwenyewe, na kikundi kimsaidie kupanda upya. Tumeona mapatano ya namna hiyo yakifanya kazi pale ambapo vitisho vilishindwa.

*Miti ipo, ardhi iko uchi.* Hii ni sababu inayopuuzwa sana. Mistari ya grevilea inapendeza ukiwa barabarani, lakini ukiinama chini yake unakuta ardhi iliyofagiliwa, iliyokanyagwa na ng'ombe, ngumu kama sakafu. Mvua inayoanguka hapo inateleza tu.

Fanya kipimo cha kopo. Toa kitako cha kopo kubwa la rangi lililosafishwa, lisukume ardhini sentimita 5, mimina lita moja ya maji, hesabu dakika hadi yanywewe. Fanya hivyo mahali patatu: kwenye kichaka cha asili kilichobaki, chini ya miti yenu, na kwenye njia ya ng'ombe. Nilipofanya hivyo na kikundi kimoja, maji ya kichakani yalikuwa yameisha kabla hatujamaliza kusalimiana na waliofika, na ya chini ya miti yetu bado yalikuwa yanang'aa juu wakati chai ilipokuja. Hakuna aliyehitaji hotuba baada ya hapo.

Tiba yake ni kuacha majani yaliyoanguka yalale, kuzuia mifugo kwa miaka miwili au mitatu, kupanda nyasi na vichaka chini ya miti mirefu, na kuvunja tabaka gumu linaloachwa na plau. Kwenye mashamba ya mahindi ya Kween na Bukwo, ambako ng'ombe na trekta hulima, tabaka hilo liko chini kidogo ya pale plau inapoishia. Chomeka nondo nyembamba ardhini wakati udongo una unyevu. Inaposhuka vizuri kisha ikagoma ghafla, umelipata. Kulima kwa kukingama mteremko, badala ya kutoka juu kwenda chini, kunasaidia bila kugharimu shilingi.

*Mmepanda mahali pasipolisha chemchemi.* Vikundi vingi hupanda miti kuzunguka jicho la maji na chini yake, kwa sababu hapo ndipo kamati hukutania na hapo ndipo wageni hupigiwa picha. Mvua inayolisha chemchemi huzama huko juu, pengine kwenye mashamba ya watu wa kijiji kingine ambao hawajawahi kuteka hapo hata siku moja. Kweeni mteremko hadi kwenye kilele cha kigongo kinachogawa maji. Ardhi yote kati ya kigongo na chemchemi ndiyo ya kuangaliwa kwanza, na watu wake ndio wa kualikwa kwenye mkutano. Mahali penye mwamba uliopasuka maji yanaweza kutoka mbali zaidi. Hapo mtaalamu anahitajika.

*Miti michanga iliyosongamana.* Shamba jipya lenye miti inayokua haraka linaweza kupunguza maji katika miaka yake ya mwanzo, kabla udongo haujafunguka. Punguzeni miti, kila wa pili au wa tatu, na muwaambie wanakijiji mapema kwamba udongo uliochoka hurudi polepole, kwa miaka. Ahadi ya maji msimu ujao ndiyo iliyomleta yule mama kwenye foleni na hasira yake.

*Kuna anayechota juu yenu.* Fuata mkondo kwa miguu. Bomba jipya la kumwagilia viazi au kabichi linaweza kuwa limefichwa na majani. Ukilikuta, usilikate. Mpeleke mwenyekiti wa LC1 alione, halafu mkae muongee zamu.

*Tangi la chemchemi linavuja au limeziba.* Sikiliza. Maji yanayopita nyuma ya ukuta husikika, na ardhi iliyo chini yake huwa mbichi mahali ambapo haikuwa hivyo. Mizizi ya mkuyu uliopandwa ukutani kabisa hupasua zege, kwa hiyo miti mikubwa ikae mita kadhaa kutoka kwenye ujenzi.

*Simama hapa:* msichimbe jicho la chemchemi kulipanua, msivunje mwamba, na msihamishe tangi kwa kubahatisha. Maji yaliyokuwa yakitoka hapo yanaweza kupata njia nyingine chini ya ardhi na yasionekane tena. Hiyo ni kazi ya ofisa wa maji wa wilaya na fundi wake, hasa kama chemchemi inalisha mradi wa maji ya mserereko unaohudumia vijiji vingi.

Dalili ya 3: Mtaro wa kukinga maji unapasuka au kujaa tope

Majina ya fanya juu na fanya chini ni ya lugha yetu, na wataalamu wa nchi za mbali huyatumia hivyo hivyo yalivyo. Katika fanya juu udongo unatupwa upande wa juu wa mtaro na kuwa tuta. Katika fanya chini unatupwa upande wa chini. Mtaro wa kawaida una upana wa sentimita 60 na kina cha 60.

Mara nyingi mtaro hupasuka kwa sababu haukuchimbwa sawasawa na kontua, yaani mstari wa usawa unaokatiza mteremko bila kupanda wala kushuka. Macho hudanganya mlimani. Ulioonekana tambarare una upande ulioinama, maji yote yanakimbilia huko na tuta linakatika. Tengeneza fremu ya A: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa juu, mmoja mfupi ukikatiza katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia kama timazi. Kabla ya kuitumia, isimamishe, weka alama kamba inapopita, igeuze miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo usawa wako. Anayeruka hatua hii anachimba mtaro mzima kwa kipimo kilichopinda.

Ikiwa kontua iko sawa na bado mtaro unapasuka, angalia kama mliacha vizuizi vya udongo ndani yake kila baada ya mita chache ili maji yasisafiri. Kisha angalia tuta: limepandwa napia au liko uchi? Halafu tazama juu. Maji ya barabara, ya mabati ya shule au ya njia ya ng'ombe yanaweza kuwa yanaingia mtaroni, na hakuna mtaro wa shamba unaoyabeba hayo. Tope lifukuliwe kabla ya kila msimu na kurudishwa shambani, maana ndio udongo wenu bora uliokimbia.

Dalili ya 4: Maji ya chemchemi yamebadilika rangi, harufu au ladha

Yakichafuka baada ya mvua na kusafika siku inayofuata, maji ya juu ya ardhi yanaingia. Kagua mtaro wa kuyachepusha ulio juu ya tangi. Karibu kila mara umeziba. Kagua pia kama mtu analima au kunywesha ng'ombe juu ya jicho la maji, na uzio uwepo.

Wekundu wa kutu unaoacha utando kwenye jerikeni kwa kawaida hutokana na madini ya chuma. Harufu ya kinyesi, au watoto kuharisha nyumba kadhaa kwa wakati mmoja, ni jambo la leo leo. Chemsheni maji yote ya kunywa, mjulishe kituo cha afya, na mtafute choo kilichochimbwa upande wa juu. Choo kiwe chini ya chemchemi na angalau mita 30 kutoka hapo. Miti haitasafisha maji hayo, na kamati isimwahidi mtu hivyo.

Dalili ya 5: Nyufa ardhini, miti inayoinama, chemchemi inayojitokeza ghafla

Hapa hakuna ukaguzi wa kufanya wenyewe.

Ufa mrefu unaokatiza mteremko, miti au nguzo zilizoanza kuegama, milango ya nyumba inayogoma kufunga, maji yanayobubujika mahali papya, au chemchemi inayotoa tope bila mvua kunyesha: zote ni dalili kwamba mlima unajiandaa kushuka. Tarehe 1 Machi 2010 mteremko uliporomoka Bududa na kufukia kijiji cha Nametsi, na mwaka 2018 Bududa ilizika tena watu wake. Sisi wa Sebei tuko kwenye mlima ule ule.

Waondoeni watu walio chini ya ufa, wakiwemo wale wasemao watangoja asubuhi. Mwambieni mwenyekiti wa LC1 na ofisi ya wilaya siku hiyo hiyo. Msichimbe mtaro wowote wa kuzamisha maji kwenye mteremko mkali wenye nyufa, na ulio juu ya ufa ufunguliwe maji yatoke pembeni pale tu ambapo ofisa amesema ni salama kufika. Mtaro unaoponya shamba la mwinuko wa wastani unaweza kuutia uzito udongo wa mfinyanzi ulio karibu kuteleza. Kuhusu miti, mizizi hushika udongo wa juu vizuri, lakini poromoko linaloanzia chini ya mizizi huondoka na miti yake ikiwa imesimama. Msimwache mtu alale chini ya ufa kwa kuwa juu yake kuna msitu.

Dalili ya 6: Miti inakatwa usiku, au watu wameacha kuja kazini

Uliza kwanza kuni zinatoka wapi. Kikundi kilichopanda prunasi na podo peke yake kimepanda miti ya wajukuu, huku mama wa nyumba akihitaji kupika jioni ya leo. Changanyeni na kaliandra na sesbania, ambazo hutoa kuni na majani ya mbuzi ndani ya miaka michache, na grevilea ambayo matawi yake hupogolewa bila kuua mti.

Pili, uliza mti ni wa nani. Wanawake ndio wanaobeba miche na maji, lakini ardhi nyingi ni ya ukoo wa mume. Nimeona mama akipalilia miti miaka minne, kisha shemeji akaiuza kwa mchana mmoja. Kabla ya kupanda, familia iandike nani atavuna nini, isainiwe na pande zote, na nakala ikae kwa LC1.

Tatu, ni mpaka wa hifadhi ya Mlima Elgon. Wabenet, jamii iliyokuwa ikiishi msituni huko juu, walihamishwa mwaka 1983, msitu ukafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ikatoa hukumu ya makubaliano iliyowatambua kuwa wenyeji wa asili wa eneo lile. Kwa mtu aliyepitia hayo, mstari mpya wa miche unaweza kuonekana kama uzio wa kumfukuza. Msipande karibu na mawe ya mpaka bila mazungumzo ya wazi kati ya Wabenet, wanakijiji wengine na mamlaka ya wanyamapori. Mgogoro ukiwa tayari umeanza, kikundi kisimame kupanda hapo hadi utatuliwe.

Na kwa miti iliyokwisha kukatwa, kabla ya kuagiza miche mipya rudini kwenye visiki mwezi mmoja baada ya mvua kuanza. Lusambya na mringaringa huchipua. Chagueni chipukizi moja lililonyooka, lililoshika shina chini kabisa, myakate mengine, mulizungushie miiba. Mizizi yake tayari ina miaka ardhini, na Desemba itakapofika litakuwa limeipita miche yote ya kitaluni.